Mchemraba Uliopigwa Tupa

Kila bidhaa inayofika Kindu hufika imechoka. Mji wetu umekaa kandoni mwa mto Lualaba, mahali ambapo vyombo vitokavyo Ubundu hukoma na reli iendayo Kongolo huanza mwendo wake wa kilomita 355, na kwa kuwa barabara za mkoa wetu wa Maniema hazimpi msafiri ahadi yoyote, kitu kisichoota katika ardhi yetu wala kuvuliwa katika mto wetu hupita katika mikono mingi, mvua nyingi na mabega mengi kabla ya kutua sokoni, kiwe sabuni, kiwe betri, au kiwe kitu cha kuchezea watoto. Hivyo sikustaajabu, baada ya kustaafu kazi ya kufundisha hisabati na kuanza kuzunguka sokoni kwa macho zaidi kuliko kwa fedha, kukuta beseni zima la michemraba ya Rubik ambayo rangi zake zilikuwa zikibanduka na matabaka yake yakicheza kama meno ya mzee. Mchuuzi, kijana mwenye adabu aliyeniita Mzee na kunisogezea kigoda, alinichagulia uliokaza kuliko yote, akiamini kwamba ananitendea ihsani. Nami nikamrudishia kwa shukrani, nikachukua uliolegea kupita wote, na jambo hilo lilimshangaza hata akaniuliza kama macho yangu yangali mazima.

Macho yalikuwa mazima. Nia yangu haikuwa kuupanga mchemraba, kazi ambayo nilikuwa nimeizoea tangu siku za ualimu, bali kuubadili umbo kwa mkono. Na kwa mwenye nia hiyo uliolegea ni bora, kwa sababu hufunguka bila kuvunjika miguu ya vipande vyake, na hustahimili uzito wa vitu vitakavyoongezwa, hali uliokaza hupasuka pale pale bisibisi inapougusa.

Yafaa niseme kwanza jinsi kitu hiki kilivyo, maana wako wengi waliokizungusha miaka na miaka wasijue kilichomo. Mchemraba ulizuliwa mwaka 1974 na Ernő Rubik, mwalimu wa usanifu katika mji wa Budapest, Hungaria, aliyekuwa akitafuta namna ya kufanya vipande vingi vizunguke kila kimoja kwa njia yake bila kusambaratika. Na alipoupata, alioupata ulikuwa wa mbao, uliokatwa na kusuguliwa na mikono yake mwenyewe. Alipokwisha kuuvuruga alichukua zaidi ya mwezi kuurudisha katika hali yake ya kwanza. Mnamo mwaka 1980 kampuni ya Marekani iliuchukua, ukiwa umekwisha kuwa wa plastiki, na kuueneza duniani. Nalitaja hili la mbao kwa makusudi, maana yako mazoea ya kudhani kwamba kila kilichotoka kiwandani kilizaliwa kiwandani, na kwamba mkono wa mtu hauna haki juu yake ila haki ya kukinunua na kukitupa.

Ndani ya mchemraba mna msalaba wa mikono sita, na juu ya kila mkono kimefungwa kitovu kimoja kwa skrubu na springi. Vitovu hivyo sita havihami, huzunguka vilipo. Vinavyohama ni vipande 12 vya ukingo, kila kimoja chenye rangi mbili, na vipande vinane vya pembe, kila kimoja chenye rangi tatu, vyote vikiwa na mguu mfupi unaoingia ndani na kushikiliwa na jirani zake. Hakuna gundi, hakuna msumari. Kila kipande ni mlinzi wa kipande kingine. Kwa mpango huo mdogo, hali zinazoweza kutokea zimehesabiwa kuwa 43,252,003,274,489,856,000, hesabu niliyokuwa nikiiandika ubaoni mwanzoni mwa somo la mpangilio na uteuzi, ili kuwanyamazisha wanafunzi wa nyuma kabla sijaanza kufundisha.

Walio wengi huishia hapo, kwenye kuvuruga na kupanga. Lakini lipo kundi dogo la watu ambao swali lao ni jingine kabisa: wao huuliza mchemraba waweza kuwa nini zaidi ya ulivyo. Mashuhuri miongoni mwao ni Mwingereza Tony Fisher, aliyeanza kazi hiyo katika miaka ya 1980, na ambaye jina lake limepewa mchemraba unaozunguka kama ule wa kawaida huku mikato yake imekaa mshazari, kwa nyuzi 45, hata kipande kilichokuwa ukingo huwa pembe na kilichokuwa pembe huwa ukingo, na mwenye kuujua mchemraba wa zamani akakaa mbele yake kama mgeni. Viwanda vya leo huutengeneza na kuuza, pamoja na ule wa Mjapani Hidetoshi Takeji wa mwaka 2006, ambao vipande vyake vyote ni vya rangi moja na hutofautiana kwa ukubwa. Mimi sina ugomvi na mwenye kununua hivyo. Nasema tu kwamba amenunua fumbo, na maarifa ya kulifanya fumbo yamebaki kwa aliyelifanya.

Nilichagua umbo la pande nane, yaani mche ambao ukiutazama kutoka juu una uso wa pembe nane zilizo sawa, kwa sababu moja ya uchumi na moja ya akili. Ya uchumi ni kwamba umbo la Fisher hudai kuongeza plastiki, na umbo la pande nane hudai zaidi kupunguza. Na katika mji ambao tupa hupatikana kwa urahisi kuliko plastiki nzuri, mwenye busara hupunguza. Ya akili nitaieleza mahali pake.

Kazi ilianza kwa bikari. Mchemraba una upana wa milimita 57, na mtu akitaka kuugeuza mraba kuwa umbo la pembe nane zilizo sawa, hahitaji mashine wala jedwali: huchora mraba juu ya karatasi, hupima nusu ya mstari uendao kutoka pembe hadi pembe, huiweka ncha ya bikari katika kila pembe kwa zamu, na kutia alama pale duara linapokata pande za mraba. Alama hizo nane ndizo pembe nane zitakiwazo. Kwa mchemraba wangu zilitua milimita 16.7 kutoka kila pembe, na hapo nilifurahi furaha ya mwalimu wa zamani, kwa kuwa kipande kimoja kina upana wa milimita 19. Maana yake ni kwamba mkato wote ungepita ndani ya vipande vya pembe na vya ukingo wa kusimama, usiguse kitovu hata kimoja, wala usiufikie mguu wa kipande ulioko ndani. Ingekuwa hesabu imetoka milimita 20, habari hii isingaliandikwa.

Kisha nikaufungua. Tabaka la juu huzungushwa hadi nusu ya njia, kipande cha ukingo kikainuliwa kwa ncha ya bisibisi, na vilivyobaki vikafuata vyenyewe. Lakini kabla ya kufungua niliupanga kwanza rangi zote zikawa mahali pake, na kila kipande nikakiandika namba upande wa ndani. Na sababu yake ni kanuni ambayo afadhali msomaji aijue. Mtu akivichanganya vipande vilivyofunguliwa na kuvirudisha bila mpango, kati ya kila hali 12 atakazoweza kuzipata, ni moja tu inayopangika kwa kuzungusha. Nyingine 11 ni milango iliyofungwa, ambayo hata mjuzi wa wajuzi hataifungua asipouvunja mchemraba tena. Mafundi wengi wasiojua hayo hupoteza wiki wakiilaumu akili yao.

Jiliwa sikuwa nalo. Niliazima kwa jirani, seremala mstaafu, Mrega wa Pangi, ambaye karakana yake ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na ambaye alikubali kuliazimisha kwa sharti la kuwepo mwenyewe kazi ikifanyika. Sharti hilo lilikuwa neema. Alikitazama kipande cha kwanza, akakigonga kwa kucha, akasema, “Mwalimu, hiki ni ganda tu. Ukikikata utakuta shimo.” Na ndivyo ilivyokuwa: kiwanda hubana matumizi, na kila kipande ni tupu ndani, hata msumeno ulipopita palifunguka pango ambalo lilipaswa kuzibwa. Alinionya pia nisikate kwa haraka, maana plastiki ikipata joto la msumeno hulainika, ikaganda tena nyuma ya meno na kuufanya mkato uwe na uvimbe. Na nisikate juu ya mstari wenyewe bali nje yake kidogo, ili tupa ipate chakula chake. Vipande 12 vilipita katika jiliwa lile kimoja kimoja, vinane vya pembe na vinne vya ukingo wa kusimama, kila kimoja kikiwa kimebanwa kati ya vibao viwili vya mti laini.

Mapango tuliyaziba kwa mastiki, ile wanayotumia mafundi wa kunyoosha bodi za magari, ambayo huchanganywa na kigumishi chake na kukauka upesi. Kwa kuwa plastiki ni laini, kwanza tuliikwaruza kwa msumari ndani ya ganda ili mastiki ipate pa kushika. Walio katika miji mikavu hawajui anasa waliyo nayo. Kindu iko karibu na ikweta, na hewa yake hubeba maji hata siku isiyo na wingu. Rangi na gundi ambazo mikebe yake huahidi kukauka kwa saa chache hapa huchukua muda ziupendao zenyewe, na mtu hujifunza kuacha kuzigusa. Niliwahi kusikia watu wakiisifu subira kama fadhila ya moyo. Katika kazi hii subira haikuwa fadhila, ilikuwa sehemu ya vifaa, ikihesabiwa pamoja na tupa na msumeno.

Sasa ikaja kazi ya kusugua, nayo ndiyo iliyonipa faida ambayo sikuitarajia. Karatasi ya msasa niliyokuwa nayo ilikuwa ya chembe kubwa, na ile laini haikupatikana sokoni. Yule seremala alitoka bila kusema neno, akarudi na tawi la msasa wenyewe, yaani ule mti ambao majani yake ni makavu na yenye kukwaruza, akayalowesha kidogo, akayapitisha juu ya mastiki kwa mizunguko midogo hata ikang’aa. Akaniambia kwamba hivyo ndivyo wazee wa kwao walivyolainisha vinyago. Nilikuwa nimesoma habari hizo katika vitabu na sikuwa nimeziona kwa macho. Warega wa Pangi, na ndugu zao wa Shabunda na Mwenga, walikuwa na chama chao kikuu cha Bwami, chenye daraja nyingi, na katika daraja hizo palikuwa na vitu vidogo vya mti, mfupa na pembe ya ndovu, vilivyochongwa, vikasuguliwa kwa majani na kupakwa mafuta, ambavyo kazi yake haikuwa pambo bali mafundisho: mkubwa huvitoa, huviweka mbele ya mwanafunzi na kumfunulia maana yake kwa methali na kwa mchezo. Serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Vitu vyenyewe vilikusanywa na kupelekwa ng’ambo, na leo vingi vimekaa nyuma ya vioo katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, ambako mtazamaji huona uso uliolainika asipate wa kumfunulia lolote. Seremala wangu alikuwa mtoto wa nyumba iliyopitia katika mambo hayo, lakini nilipotaka kumdadisi zaidi aliinama akaendelea kusugua, nami nikaheshimu kimya chake.

Vipande vilirudishwa katika mchemraba kwa namba zake, kisha nikausugua wote kwa pamoja juu ya kioo bapa cha dirisha kilichobandikwa msasa, ili vipande vitatu vya kila upande mpya viwe uso mmoja usio na ngazi. Pakawa na pande kumi: juu na chini, nne za zamani zilizopungua upana, na nne mpya. Kila upande mpya ulipakwa rangi yake: kahawia, kijivu, waridi na ile ya udongo wa Maniema, ambayo niliipata kwa kuchanganya mikebe miwili iliyokaribia kwisha. Ukabaki ukanda mwembamba wa milimita mbili na kidogo pembeni mwa kila kipande kilichokatwa, masalio ya uso wa zamani, ambao haukufaa kubandikwa kitu, nami nikauacha mweusi. Msomaji auweke akilini ukanda huo mweusi.

Mchemraba wa kawaida ukivurugwa hubaki mchemraba. Rangi huhama, umbo hukaa. Huu wangu, mara tu ulipozungushwa upande mmoja, ulipoteza hata umbo: mbavu zilitokeza juu, mabega yakaingia ndani, na baada ya mizunguko michache mkononi mwangu palikuwa na kitu kisicho na jina, chenye miiba na mabonde. Watoto wa jirani walicheka hata wakakaa chini. Mmoja aliapa kwamba kimevunjika. Nami nilikuwa na raha kuu, maana kukipanga kitu hicho niliweza, kwa kuwa sheria ya ndani ilikuwa ile ile, na vidole viliijua njia hata pale macho yalipokanusha. Vitovu havikuhama, miguu ya vipande ilikuwa ile ile, na hatua zilizowahi kuurudisha mchemraba ziliurudisha na mche.

Ziliurudisha, isipokuwa kwa jambo moja. Siku moja nilikamilisha kila kitu, nikakuta kipande kimoja cha ukingo wa juu kimepinduka: rangi iliyopaswa kuwa juu ilikuwa ubavuni, na ya ubavuni juu, na vingine vyote vikiwa salama mahali pake. Kwa asiyejua hilo ni dogo. Kwa anayejua ni muhali. Katika mchemraba wa Rubik kipande cha ukingo hakipinduki peke yake. Vilivyopinduka huwa viwili, au vinne, au sita, daima shufwa, na hii si bahati bali ni hesabu inayothibitishika, kwa kuwa kila mzunguko mmoja hugusa kingo nne kwa pamoja. Kipande kimoja kilichopinduka ni dalili ya mchemraba uliofunguliwa na kufungwa vibaya, mojawapo ya ile milango 11.

Seremala, nilipompelekea, alitoa hukumu papo hapo: umefungwa vibaya. Nilimwonyesha namba zilizoandikwa ndani, na kumkumbusha kwamba mchemraba huo huo ulikuwa umekwisha kupangika mbele ya macho yake zaidi ya mara moja, na uliofungwa vibaya haupangiki hata mara moja. Akabadili hukumu. Akasema basi sheria yenyewe imekatika, kwa kuwa tuliikata kwa msumeno. Kauli hiyo ilinichekesha kisha ikanikosesha usingizi, maana katika umri wangu wote wa ualimu sikuwahi kufikiri kwamba thibitisho la hisabati laweza kuharibiwa kwa tupa.

Aliyetuamua alikuwa binti wa nyumba ya tatu, mwanafunzi wa darasa la mwisho la sekondari katika mchepuo wa hisabati na fizikia, ambaye alikuwa amezoea kuja jioni kuuliza maswali ya mtihani wa taifa. Aliusikiliza ubishi wetu wote kwa heshima, mikono nyuma, kisha akasema, “Mwalimu, kama ni lazima wawe wawili, basi wa pili yupo. Huenda tumemnyoa uso.” Nikamwomba aeleze. Akavionyesha vile vipande vinne vya ukingo wa kusimama. Kabla ya kukatwa kila kimoja kilikuwa na rangi mbili, na kikipinduka rangi zake zilibadilishana, kila mtu akaona. Baada ya kukatwa, rangi mbili ziliondoka na mahali pake pakawa na uso mmoja wa rangi moja, kati ya kanda mbili nyeusi zilizo sawa kabisa. Kipande hicho kikipinduka juu chini hakuna jicho litakalojua. Tulikuwa na vipande viwili vilivyopinduka, mmoja akiwa na uso wa kushuhudia na mwenzake tumemwondolea ushahidi.

Hatukuridhika na maneno. Niliupanga mchemraba hadi ukakamilika, nikatia alama ya sindano katika ukanda mweusi wa kushoto wa kila kimoja cha vile vinne, tukauvuruga, nikaupanga, tukauvuruga tena, hadi ajabu ile ilipojirudia. Na ilipojirudia, alama tatu zilikuwa kushoto na moja ilikuwa kulia. Seremala alikichukua kitu kile, akakizungusha mara nyingi akitafuta alama, kisha akamtazama binti yule, si mimi, akasema, “Hongera, mwanangu.” Tulipokaa kufanya hesabu kwa pamoja tuligundua kwamba kila sura moja inayoonekana katika mche wetu huficha hali nane tofauti, hata zile 43,252,003,274,489,856,000 hubaki kuonekana 5,406,500,409,311,232,000 tu, na kwamba mwenye kupanga bila kujali mpinduko wa vile vinne atakutana na ukingo usio na mwenza kwa nusu ya nasibu zote. Tiba yake ni nyepesi: hupindua pamoja kipande kile na kimoja cha vile vinne, kwa mfuatano ule ule wa siku zote, na sheria hulipwa kwa sarafu isiyoonekana.

Hii ndiyo ile sababu ya akili niliyoahidi. Nililichagua umbo la pande nane kwa kuwa nilitaka kujua mkato hubadili nini katika kitu na hauwezi kubadili nini. Babu yangu, mtu wa Kasongo, wa kizazi cha Waungwana waliokulia katika biashara ya pwani iliyofika Maniema katika karne ya 19, alitufundisha katika chuo chake tutenge mambo ya zahiri na mambo ya batini, nami nilipokuwa mdogo nilidhani zahiri ni ile ya kudharauliwa na batini ndiyo ya thamani. Kazi ya tupa imenipa maoni mengine. Zahiri ni shahidi. Ukiinyoa, batini haiharibiki hata kidogo, lakini hubaki bila msemaji, na hapo watu wenye akili timamu, seremala stadi na mwalimu mzee, huanza kuituhumu sheria kwa kosa ambalo halikutendeka. Nimeona jambo hilo katika daftari za hesabu za vyama vya ushirika, katika kesi za mirathi, na katika historia ya mji huu inavyosimuliwa na waliofika jana: kila mahali panapoonekana kitu kimoja kimepinduka peke yake, mimi sasa huuliza kwanza ni uso gani uliosuguliwa, na nani aliusugua.

Wako walioniambia kwamba mzee wa makamo yangu kukaa na kitu cha watoto ni upotevu wa wakati. Siwajibu kwa hasira. Wenye kusema hayo ni wale wale ambao wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, mji ulipokatwa na treni isifike, waliishi kwa vitu vilivyobadilishwa umbo: kopo la maziwa likawa koroboi, tairi likawa ndara, baiskeli ikawa lori la kusukumwa kwa siku nyingi msituni. Mikono iliyofanya hayo ilikuwa na elimu kubwa, ila hakuna aliyeiita elimu, na amani iliporudi elimu hiyo iliachwa haraka, na watoto waliozaliwa baadaye wakalelewa wakiamini kwamba fundi ni mtu aliyeshindwa shule. Maoni yangu ni kwamba katika madarasa yetu tumetenga vitu viwili visivyotengeka: mwenye chaki hashiki tupa, na mwenye tupa haulizwi kwa nini. Binti yule aliyetuamua hakuwahi kushika mchemraba kabla ya siku hiyo. Lakini alikuwa ameviona vipande vikikatwa, siku baada ya siku, akiwa amekaa mlangoni na daftari lake, na ndiyo maana alijua kilichoondolewa. Kama ningeununua umekwisha tengenezwa, sote watatu tungekuwa tungali tukibishana.

Nawaomba walimu wenzangu wa hisabati, wa Kindu na wa Kasongo, wa Kalima na wa Punia, wasiitupe michemraba iliyolegea na kubanduka rangi, ambayo kila nyumba yenye watoto inayo. Vipangeni kwanza vipande kabla ya kufungua, wapeni wanafunzi bikari wapime wenyewe, na mwacheni fundi wa mtaa aje darasani na jiliwa lake alipwe kama mwalimu alipwavyo. Umbo si lazima liwe la pande nane. Katika kukata, kateni nje ya mstari. Na ukanda mweusi utieni alama ya sindano tangu siku ya kwanza.